Bongo la Gari la Bwana Muhdhar

Gari lilizimika pale pale feri ilipotema watu, na kabla honi ya tatu haijalia nyuma yake, Badawi alikuwa ameshaona riziki.

Badawi alikuwa kijana wa Mji wa Kale, shati jeupe pe, kalamu mbili mfukoni, na shahada ya uhandisi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona. Kazi yake hasa ilikuwa maneno. Mitambo aliijua kidogo, kwa kuwa aliwahi kuwashikia mafundi taa miaka miwili, na kidogo hicho alikitumia kama chumvi: chembe moja, sufuria nzima ikakolea.

Mwenye gari alikuwa Bwana Muhdhar wa Tudor, tajiri wa nyumba za kupangisha, mzee ambaye ukimwomba maji hukuuliza kwanza bilauri utairudisha lini. Gari lake lilikuwa la Kijerumani, jipya, la mwaka wa sitini na nane, na halikuwa na kabureta. Badala yake lilikuwa na kisanduku cha umeme nyuma ya kiti, kadiri ya redio ndogo, nacho ndicho kilichoamua injini inywe petroli kiasi gani. Kisiwa kizima, magari ya namna ile ungeyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vingine vikabaki.

Wapita njia walikwisha fungua boneti ya mbele, wakakuta mkungu wa ndizi. Badawi akawapita kimya, akaenda nyuma iliko injini, akatega sikio kama tabibu. Vidole vyake vikapapasa waya unaotoka kwenye kile kisanduku. Kiungio chake kilikuwa kimeota kutu, kinachezacheza kama jino la mtoto. Akakisukuma ndani.

"Tia moto," akasema. Gari likanguruma.

Mtu mwaminifu angesema, "Mzee, safisha kiungio hiki kwa mafuta ya taa, uende zako." Lakini mtu mwaminifu hakuvuka feri siku ile.

"Pole sana, bwana wangu," alisema Badawi, akitikisa kichwa kama aliyekuja matangani. "Gari lako lina maradhi ya bongo."

"Gari lina bongo?"

"Kile kisanduku cha nyuma ndiyo akili yake, nayo imeanza kusahau. Leo imesahau petroli. Kesho itaikumbuka petroli yote kwa mpigo mmoja, na hapo Mola apishe mbali."

Bwana Muhdhar akameza mate. "Jipya lapatikana wapi?"

"Ulaya. Miezi minne kungoja." Badawi akatazama kushoto, akatazama kulia. "Ila kuna moja limeshuka melini, likapita mlango usio na forodha."

Macho ya mzee yakang'aa. Bei yoyote ilimuuma, lakini magendo yalimtuliza. "Wataka nini?"

"Fedha sitaki. Nasikia kuna pikipiki imelala uani kwako."

Pikipiki hiyo Badawi aliitamani tangu Ramadhani. Mjanja wa miguu hukamatwa kwa miguu, na mwezi uliopita muuza vitambaa mmoja alimkimbiza kutoka Makadara mpaka Kuze, akaponea chupuchupu. Bwana Muhdhar naye pikipiki aliirithi kwa ndugu yake na hakujua hata kuiwasha. Akakubali upesi, kisha akainua kidole.

"Na bongo la zamani nitalichukua mimi."

"La nini, mzee wangu, nalo limekufa?"

"Ng'ombe akifa, ngozi ni ya nani?"

Badawi alicheka kwa meno tu. Hila yake ilikuwa nyepesi: akitoe kisanduku cha mzee, akipake rangi, amuuzie mwenyewe, akikaze na kile kiungio, gari liende. Sasa mzee alitaka viwili, na duniani kilikuwako kimoja.

Asubuhi ya pili akaenda Tudor, akakifungua kisanduku kikatoka, akasema anakwenda kulinganisha nambari. Kisha akashika njia ya Majengo, kwa Mbeyu.

Mbeyu alikuwa mjane wa Kigiriama aliyerithi kwa mumewe uwanja wa vyuma chakavu na mkokoteni wa kuvisukuma mpaka Kilindini. Alimsikiliza Badawi huku akichambua misumari.

"Bi Mbeyu, nataka kisanduku kama hiki. Kibovu."

"Watu hutaka vizima."

Hapo Badawi angenyamaza, angekuwa salama. Lakini ujanja usio na mtazamaji ni kama ngoma ya chumbani. Akaketi juu ya gurudumu, akamsimulia yote: Feri, Muhdhar, bongo, pikipiki. Mbeyu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya leso.

"Wewe mtoto wa mji wewe! Ninacho. Kimetoka kwenye gari lililoangukia mtaroni njia ya Malindi. Leta noti ulizonazo, na hicho chako niachie nikipake rangi. Wewe utalichafua hilo shati."

Badawi akamkabidhi noti zote alizokuwa nazo, kisha akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, visanduku viwili vilikuwa tayari: kimoja kikuukuu, chenye vumbi, kimoja kinang'aa, kina hata karatasi ya maandishi ya Kizungu. Akambusu Mbeyu mkono.

Alasiri Bwana Muhdhar alikaa barazani akitazama. Badawi akampa kikuukuu, akafunga kinachong'aa, akasugua kiungio kwa mafuta ya taa, akakikaza. "Bismillahi, tia moto."

Kimya.

Akasugua tena. Kimya. Akakifungua, akakifunga, akakipiga kofi. Jasho likalowanisha kalamu zote mbili. Bwana Muhdhar akainuka taratibu, akafunga mlango wa ua kwa komeo.

"Jana gari lilikuwa lasahau," alisema. "Leo limekufa mkononi mwako. Niite polisi, au wewe una la kusema?"

Mara mlango ukagongwa. "Hodi wenyewe!" Mzee akafungua komeo, Mbeyu akaingia, kapakata kitu ndani ya leso. "Msalkheri, bwana. Nasikia hapa kuna gari lililougua bongo. Mimi nauza vipuri."

Akafungua leso. Badawi alikitambua pale pale. Kilikuwa kile kile cha mzee, na mkwaruzo alioutia yeye mwenyewe asubuhi kwa bisibisi. Ndipo alipofahamu kosa lake: alimwuliza Mbeyu kama anacho kibovu, hakumwuliza anavyo vingapi.

Aseme nini? Kwamba mama huyu amemwibia kile alichokuwa akimwibia mzee?

"Injinia," alisema Mbeyu kwa upole, "hebu mwambie bwana, hiki ni kizima au si kizima?"

Bwana Muhdhar akamkodolea macho.

"Ni kizima," alisema Badawi. "Kizima kabisa. Naweka dhamana."

Akakifunga kwa mikono yake. Gari likanguruma papo hapo. Bwana Muhdhar akafurahi hata akasahau polisi, na kwa kuwa bei ilikwisha kubaliwa, pikipiki ikatolewa uani, akapewa aliyeleta bongo zima. Mbeyu akaiwasha kwa teke moja, kwani marehemu mumewe alikuwa na kama hiyo, akakaza leso kiunoni, akatoka barabarani mbele ya majirani walioacha midomo wazi.

"Na wewe toka na takataka zako!" Bwana Muhdhar alimfokea Badawi, akamsukumia visanduku vyote viwili. Ngozi ya ng'ombe ilikuwa imemchosha.

Kwenye kona Mbeyu alikuwa amesimama anamngoja, injini inanguruma.

"Umeniua, Bi Mbeyu," alisema Badawi. Alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamshinda. "Noti zangu, kazi yangu, pikipiki yangu!"

"Mimi sikukuua. Wewe ulikuja mwenyewe na kunisomea ramani ya nyumba." Akavitazama vile visanduku kifuani mwa Badawi. "Hivyo nitakununulia, kama una shida. Nanunua kwa ratili."

Badawi akavipima mkononi, kimoja kimoja.

"Ratili moja shilingi ngapi?"