Nilivyokwenda Kumpigania Aneke Bei ya Skuta

Wenzangu wa jumuiya, leo nimeaibika. Wala siyo ile aibu ndogo ya kuvaa kitenge ndani nje ukaambiwa na katekista. Hii ni aibu ya mnadani, mchana kweupe, watu wamejaa na simu zao juu. Naandika mwenyewe kabla video haijawafikia. Wengine naona imeshawafikia, mmenyamaza tu. (Martina, nakuona uko hewani tangu saa ile.)

Nabonyeza kwa kidole kimoja na shule yangu mnaijua iliishia wapi. Mnivumilie.

Aneke mnamfahamu. Kwa asiyemfahamu, ni yule binti Mholanzi aliyepanga chumba changu cha uani. Kazi yake ni kuwanyoosha miguu watoto waliozaliwa na ulemavu, mpaka wanasimama. Anakwenda kwa miguu hadi Ganako, anarudi jioni amekuwa mwekundu kuliko barabara yenyewe. Sasa juzi bosi wake amemwambia hivi: mwenye usafiri wake abaki Karatu, asiye na usafiri, Jumatatu ahamie Arusha akakae ofisini. Aneke alinipa habari hiyo tukiwa tunamenya viazi. Machozi yakawa yanadondokea mle mle kwenye sufuria.

Nikamwambia, "Hakuna anayehama hapa. Menya viazi."

Nilisema kwa ukali, lakini mimi ndiye ningelia zaidi. Tangu watoto wangu wahamie mijini, ile nyumba haikuwa na mtu wa kuniuliza nimelalaje. Huyu anauliza. Halafu anasubiri jibu!

Basi usafiri. Pikipiki ya gia hawezi. Alijaribu ya jirani, ikamrusha kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Anataka skuta, ile isiyo na gia, unayokalia na sketi yako miguu pamoja. Na skuta ya kuuzwa hapa mjini ilikuwa moja tu, ya bluu, pale kwenye uwanja wa pikipiki zilizotumika, jirani na mnada.

Mambo yetu mnayajua. Muuzaji akiona mzungu kwa mbali, bei inapanda yenyewe bila kusukumwa. Parachichi moja aliwahi kuuziwa kwa bei ya kuku. Nikasema safari hii hapana. Jana jioni nikamkalisha chini.

"Aneke, kesho wewe huongei, huonekani, hupumui. Anayenunua ni mimi. Nitasema skuta ni yangu."

Akafungua mdomo. Akaufunga. Kisha akasema, "Sawa, Bibi."

Leo nimeamka nimevaa. Siyo kuvaa kwa kawaida. Kitenge kile cha harusi ya Emanueli, viatu vyeusi vya kanisani, na ule mkoba alionitumia mwanangu Teresia kutoka Dar, ambao una mnyororo wa dhahabu (siyo dhahabu). Nikajipaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Nilitaka nikisimama pale nionekane mtu wa msimamo.

Aneke nikamfunika khanga mpaka puani, nikamkalisha kwenye banda la makande la Mama Hepi, kona ya ndani kabisa.

Mama Hepi akauliza, "Bibi, umeniletea mgonjwa?"

"Ana mafua. Mpe makande, usimsemeshe."

Nikavuka kwenda uwanjani. Muuzaji ni kijana mrefu, mcheshi, mwenye kofia. Akaniamkia vizuri, nami nikamtazama kidogo tu usoni nikamjua.

"Marahaba. Wewe si Danieli wa Paskali? Paskali wa Tluway, aliyejenga juu ya kisima kule Ganako?"

"Ndiye mimi, Bibi."

"Mama yako Anastazia. Mdogo wake Filomena, aliolewa Endabash kwa mzee Bura. Kitinda mimba wake anaitwa Yusto, ana kovu hapa kwenye nyusi."

Danieli akavua kofia. "Bibi, huyo Yusto hata mimi simjui."

"Haya sasa. Ndugu yako! Kamsalimie."

Nikajua nimeshamkamata. Mtu ukimtajia ukoo wake namna hiyo, atakuogopa hata kwenye bei. Nikaizunguka ile skuta. Nikaipiga kofi mgongoni kama tunavyopiga ng'ombe tukitaka kujua kama ana nyama. Nikainama nikatazama magurudumu kama natazama kwato. Nikaomba kadi yake, nikaisoma muda mrefu kwa makini (miwani niliisahau nyumbani).

"Unamnunulia nani, Bibi?"

"Mimi mwenyewe."

Danieli akanitazama kuanzia viatu, akapanda mpaka kwenye mnyororo wa mkoba. Akataja bei.

Jamani! Nikashika kifua. Nikakaa chini kwenye tairi nikaomba maji. Akapunguza kidogo. Nikanyanyuka nikaondoka. Mnaujua ule mwendo wa kuondoka huku masikio yamebaki nyuma. Nikatembea polepole, nikatembea polepole zaidi, nikaanza kuogopa kwamba haniiti.

"Bibi, rudi tuongee!"

Nikarudi taratibu kama mtu aliyesahau mwavuli. Tukavutana hapo, mimi namtaja Anastazia, yeye anapunguza, namtaja marehemu Tluway, anapunguza tena. Tukafika mahali. Tukapeana mikono mbele za watu. Moyoni nilikuwa najipigia vigelegele. Nilijisemea, huyu mtoto wa kizungu angekuja mwenyewe, angelipa hiyo na ng'ombe juu.

Ningechukua kadi nikaenda zangu, mngekuwa mnasoma habari nyingine. Lakini Danieli akakunja mikono.

"Bibi, bado jambo moja. Siwezi kukupa chombo hivi hivi. Ukianguka kona ya kwanza, wazee wa ukoo wenu watakuja kukaa kwa baba yangu na hawataondoka bila dume la ng'ombe. Panda kidogo nione kama unaijua."

"Naijua."

"Basi panda."

Hapo bodaboda walikuwa wameshasogea. Mnawajua wale. Hawana abiria, hawana haraka, wana simu.

"Bibi wa moto! Panda tukuone!"

"Bibi, utanipeleka na mimi hadi geti la Ngorongoro?"

"Mwacheni, huyo ataleta watalii!"

Sasa ningefanya nini? Nikisema siyo yangu, Danieli atauliza ya nani. Nikisema ya nani, mkono tulioshikana umekufa, bei imepaa, Jumatatu mtu wangu yuko Arusha. Nikawaza: haina gia. Ni kama kiti. Nimekalia viti maisha yangu yote.

Nikapanda. Watu wakapiga makofi. (Nakiri niliyapenda.)

Danieli akaiwasha. "Mkono wa kulia ndiyo mafuta, unakunja taratibu. Breki ndizo hizi za kubana. Umeelewa?"

"Kijana, nimeendesha mkokoteni wa punda kabla baba yako hajaota meno."

Na hapo ndipo kwenye tatizo lenyewe, wenzangu. Kweli nimeendesha punda. Na punda akianza kukimbia, nyote mnajua unafanyaje: unaegemea nyuma, unavuta kamba kuelekea kifuani kwa nguvu zako zote. Mikono yangu haijui kitu kingine.

Nikakunja kidogo. Ikaondoka kidogo. Vizuri tu! Nikawatikisia kichwa kama askofu. Halafu ikapita kwenye kibonde, ikaruka, moyo wangu ukaruka nao, na mimi nikafanya nilivyofundishwa na marehemu baba. Nikaegemea nyuma. Nikavuta.

Mama yangu!

Kumbe ile ukiivuta ndiyo unaipa mafuta. Ikanguruma, ikatoka kama imeona fisi. Nikavuta zaidi isimame. Ikaongeza. Nikaipigia kelele za punda, "Shee! Shee! Simama we!" Haikusikia. Breki nilizikumbuka baadaye, nikiwa nimeshafika nyumbani.

"Bana breki, Bibi! Bana!" Danieli anakimbia nyuma.

"Nabana!" Nilikuwa nabana magoti.

Nikapita kwenye mitumba ya Yohana, yule wa Martina. (Ndiyo, Martina, mwanao.) Nikatokea upande wa pili nimevaa gauni la mtu begani. Mbuzi wakanipisha. Ng'ombe wakanipisha. Mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa anapatana bei ya beberu akasogea hatua moja tu, akanitazama nikipita, akaendelea kupatana bei. Nikampita katekista. Mkono sikuweza kutoa, nikamsalimia kwa mdomo, "Tumsifu Yesu Kristo!" Akajibu "Milele amina" kwa sauti ya mtu anayemsindikiza marehemu.

Mbele yangu nikaona vitunguu. Mama Rebeka wa Baray alikuwa ameshusha mzigo wake, magunia kwa magunia, yamepangwa kama ukuta. Nikafumba macho. Ile skuta ikaingia kwenye magunia ikasimama. Mimi sikusimama. Nikapaa, nikatua nimekaa, wima kabisa, juu ya gunia la juu, mkoba mkononi, kama mwenyekiti aliyekaribishwa meza kuu.

Kitunguu kimoja kikadondoka. Kisha mnada mzima ukalipuka.

Mama Rebeka alitaka kunigombeza, nilimwona. Akafungua mdomo kwa hasira kabisa, kicheko kikamtangulia, akakaa chini palepale kwenye vumbi akishika mbavu. "Mama Teresia, mwenzangu! Si ungeagiza tu kilo moja!"

Na banda la Mama Hepi liko wapi? Hapo hapo. Kutoka kwenye vitunguu ni kurusha kijiko. Mgonjwa wangu wa mafua akatoka mbio, khanga imebaki kwenye benchi, nywele zake zile za rangi ya majani makavu nje, anapiga kelele, "Bibi! Bibi yangu! Umeumia?" Akaanza kunikagua magoti mbele za watu kama mimi ni mmoja wa wale watoto wake.

Sikuwa nimeumia. Nilikuwa nafikiria bei. Nikamnong'oneza, "Rudi ndani! Rudi ndani, Danieli anakuja!"

Danieli akafika anahema. Akamwona. Nikafumba macho tena, nikasubiri bei ipae.

"Dada Aneke! Kumbe huyu ndiye bibi uliyesema utakuja naye?"

Nikafumbua jicho moja.

"Mnajuana?"

"Bibi, huyu si ndiye anayemnyoosha miguu mtoto wa dada yangu! Sasa hivi anatembea ameshika ukuta. Alikuja Jumanne kuitazama skuta. Alikuwa na ndala zake, vumbi mpaka magotini. Nikampa bei ya ndugu, nikamwambia nitamwekea. Akasema anakwenda kwanza kumwambia bibi yake."

"Bei gani?"

Danieli akatazama chini. Bodaboda wote wakasogea kusikiliza. Akaitaja.

Wenzangu, ilikuwa chini ya yangu. Siyo chini kidogo. Chini kama Baray ilivyo chini ya Karatu.

"Na mimi je?" nikauliza kutoka juu ya gunia. "Mimi niliyekutajia mpaka Yusto!"

"Nisamehe, Bibi. Nilikuona na mkoba wa mnyororo, viatu vinang'aa, unanunua skuta ya kuchezea. Nikajua huyu ana watoto Ulaya wanamtumia."

Bodaboda mmoja akajitupa chini. Namjua, ni Joshua wa Elizabeti, na nitamwambia Elizabeti. "Bibi kapigwa bei ya mzungu! Mzungu kapewa bei ya Ganako!" Wakaimba hivyo. Wimbo kabisa, na makofi yake.

Nikamgeukia Aneke. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Na wewe ulijua, ukanyamaza?"

"Jana nilitaka kukuambia. Lakini ulikuwa umeshatoa viatu kabatini, unavipaka dawa, unaimba. Nikasema nikimwambia sasa, nitamharibia furaha yake. Nikaona bora niongezee hela tu."

Nilitaka kununa. Nilijaribu kabisa, nikakunja uso. Kikatoka kicheko. Nikacheka mpaka gunia likaanza kuteleza na mimi nikiwa juu yake.

Danieli akainua skuta. Imekwaruzika kidogo ubavuni na inanuka vitunguu. Akasema mkono tulioshikana anaufuta, bei ni ile ya Jumanne, na ule mkwaruzo atauchukulia kama alama ya kumtambulisha mnyama wa nyumbani kwetu. Aneke akalipa. Kadi itaandikwa jina lake. Gauni la mitumba nimelirudisha. Vitunguu vilivyopondeka nimebeba mimi, leo kwetu ni mchuzi tu.

Tulitoka pale Aneke anaendesha, mimi nyuma nimemshika kiunoni, mnada mzima unatupungia. Hapa ninapoandika yuko nje anaiosha skuta na kuongea nayo Kiholanzi. Ameshampigia bosi wake. Anabaki.

Basi mwenye kucheka acheke huko huko kwake, asinitumie vile vichwa vya manjano vinavyotoa machozi. Ila kuanzia leo, mimi nikiishiwa hata kiberiti, namtuma mzungu.