Pingamizi Langu kwa Ndoa ya Cornelia, kwa Sababu ya Vidole Vyake

Milanzi, Sumbawanga
Jumatatu, siku moja baada ya tangazo la pili

YAH: KIZUIZI CHA NDOA KATI YA CORNELIA MBOJE NA TIMOTH WA WAMPEMBE

Mpendwa Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta kifua kimepoa, maana jana kwenye misa ya pili ulikohoa mpaka tukakuonea huruma. Mimi ni Isdori, yule wa benchi la tatu upande wa wanaume, niliyekuwa mpima mizani wa ghala la mahindi miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Jana ulitangaza ndoa hii kwa mara ya pili, ukasema anayejua kizuizi chochote asinyamaze. Kanisa zima lilinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, lakini ni kwa sababu sikuwa na kalamu. Kizuizi kipo, Baba, nacho kina vidole kumi.

Nianze mwanzo usije ukadhani nimechanganyikiwa. Mwezi wa kumi mwaka jana, sisi wagonjwa wa kisukari tuliingiziwa kwenye simu zetu programu iitwayo Jipime. Unaamka, kabla hujala unachoma kidole, unatia tone la damu kwenye kijiti cha kile kimashine walichotupa, na namba inaruka yenyewe mpaka kwenye simu. Kutoka kwenye simu inaruka tena mpaka kwa nesi, na kwa mtoto wako uliyemwandikisha. Mimi nilimwandikisha Edith, binti yangu anayefundisha sekondari Dodoma. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Edith aliniambia wazi kwamba simu ikisoma nyekundu mara tatu, anakuja kunichukua nikakae kwake. Kwake ni pazuri, sikatai. Kuna geti, kuna televisheni, kuna kochi ambalo ukikaa huinuki bila kushikwa mkono. Lakini hapa nina ulezi wangu shambani unaosubiri kuvunwa, na nina marehemu Adela, mama yake Edith, amelala nyuma ya nyumba. Sitaki kwenda Dodoma. Nasema bila aibu kwamba naogopa kwenda Dodoma, na naomba ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma.

Siku ile ya kuandikishwa nesi alinipima, nikasoma kumi na sita. Nyekundu ya kwanza. Kesho yake nilishindwa kuitumia ile mashine, nikamwita Cornelia, jirani yangu, fundi cherehani, anielekeze. Yule binti kwa wema wake akajichoma yeye mwenyewe ili nione inavyofanywa. Tano nukta moja! Simu ikageuka kijani, ikapiga vigelegele, ikaandika "Hongera Isdori", bila hata shikamoo, ila hayo ni malalamiko ya siku nyingine. Kabla hatujajua pa kubonyeza ili kuizuia, namba ilikuwa imeshafika Dodoma. Edith akapiga simu analia kwa furaha. Wewe Baba ungemjibu nini? Mimi nilimwambia asante mwanangu.

Nikasema basi, na kesho tena mara moja tu. Sasa ni mwezi wa saba. Habari zilimfikia Alhaji Ridhiwani mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye si muumini wa parokia yako lakini sukari anayo, naye wanawe wanamtishia kumpokonya funguo za duka. Baada yake akaja Mama Agnesi. Cornelia hakumkataa mtu. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu tunakutana barazani kwake na simu zetu, na ikifika saa moja namba zimeshatumwa. Vidole tuligawana kwa haki mbele ya mashahidi: kila mtu vitatu, na dole gumba la kushoto ni la akiba. Nesi ametusifu mbele ya wageni. Alisema hajapata kuona wagonjwa wanaolingana namna hii.

Sasa anatokea kijana kutoka ziwani anataka kubeba vidole vyote kumi kwa mpigo. Sababu zangu za kupinga ni hizi.

Kwanza, Wampembe ni mbali. Huku tuko juu, kule ni kushuka mpaka ziwani, na damu haipandi basi kila asubuhi. Mama Agnesi alishauri simu zetu ziende na bibi harusi, zikae huko huko. Nilimkatalia. Edith hupiga wakati wowote anaojisikia, na siku Timoth atakapopokea na kujitambulisha kuwa yeye ni mume wa Cornelia, mimi nitajieleza vipi kwa mwanangu?

Pili, pete. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto ni cha Alhaji Ridhiwani, alikipata kihalali kwenye mgao. Pete ikikaa pale itabana, na tone halitatoka. Alhaji anauliza kwa heshima zote, nami nauliza pamoja naye, Kanisa linaweka pete kwenye kidole cha mtu kwa ruhusa ya nani.

Tatu, naomba radhi kulitaja hili kwa padri, lakini ndoa huleta watoto. Nimeambiwa sukari ya mjamzito huweza kupanda bila hodi. Alhaji ana miaka sabini na mbili na ndevu nyeupe. Nesi akimwita kumuuliza mbona sukari yake imekuwa ya mama mjamzito, heshima ya mzee yule mjini itabaki wapi?

Nne, bwana harusi mwenyewe. Timoth ni fundi wa injini za boti, ana adabu, na aliponisalimia aliinama vizuri. Sina ugomvi naye. Nilimuuliza swali moja tu, sukari yake ni ngapi, akasema hajawahi kupima. Mtu asiyejua sukari yake anaposa mtu wa tano nukta moja! Nikamshauri ahamie huku, kwani bodaboda zimejaa na zote zina injini. Akacheka. Alidhani namtania.

Nilikuwa na sababu ya tano, kwamba kwaya itadhoofika Cornelia akiondoka. Nimeifuta. Waimbaji wapo tele, na mimi ni mtu niliyekaa kwenye mizani miaka yote ile bila kuibia mkulima hata kilo, siwezi kuanza uongo uzeeni.

Najua utasema tujipime wenyewe, kwani hata jina la programu linasema hivyo. Nimelifikiria sana wazo hilo. Tatizo lake ni kwamba nikijipima mwenyewe, namba itakayotoka itakuwa yangu.

Kwa hiyo naomba tangazo la tatu lisisomwe Jumapili ijayo. Ukishindwa, basi lisomwe, ila maharusi waagizwe kupanga hapa Milanzi, na nyumba nitawatafutia mwenyewe. Ukishindwa na hilo pia, naomba siku ya harusi uongeze maneno machache tu kwenye kiapo, kwamba Cornelia anampokea Timoth katika taabu na raha, na kwamba Timoth anampokea Cornelia mzima mzima isipokuwa vidole, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja asubuhi. Muda uliobaki ni wao, wala hatutawaingilia.

Naishia hapa nikiamini utalitazama jambo hili kwa jicho la mchungaji anayetaka kondoo wake wabaki zizini, hasa kondoo wa umri wangu. Nisalimie Katekista Shigela, masista wote, na mlinzi. Mpishi wako mwambie maandazi ya sikukuu ya somo wa parokia yalikuwa matamu mno, sikuweza kuishia la nne. Kwaya nayo isalimie, isipokuwa wale waliopiga makofi jana ulipotaja majina ya maharusi.

Wako katika Kristo,

Isdori
kwa niaba yangu, ya Alhaji Ridhiwani, na ya Mama Agnesi ambaye ameweka dole gumba, lake mwenyewe

N.B. Baba, barua hii imechelewa mezani siku tatu na mambo yamebadilika. Jana Cornelia alisafiri alfajiri na mama yake kupeleka sare za harusi Wampembe, na hakutuaga. Saa moja ikapita sijatuma kitu. Haijafika hata saa moja na robo, Edith akapiga, sauti inatetemeka, shikamoo ameisahau. Nikajua yameisha, nikakiri yote: Cornelia, mgao wa vidole, mpaka Alhaji. Kisha akasema, "Baba, najua tangu nilipokuja Krismasi. Ulikula pilau sahani mbili na soda nikikutazama, asubuhi ukatuma tano. Mimi siangalii namba. Naangalia kama imekuja, nijue umeamka."

Nilitoka nje nikakaa kidogo. Ameniambia hanihamishi, ila nijichome mwenyewe na Jumanne niende kliniki nikaonwe na namba yangu ya kweli. Kwa hiyo pingamizi langu naliondoa, soma tangazo kwa sauti ya juu. La Alhaji kuhusu pete bado lipo, zungumza naye dukani kwake.

Leo asubuhi nimejichoma. Kumi na nne, nyekundu, na nimeituma hivyo hivyo. Lakini Baba, kumbe kinauma! Miezi yote hii, watu watatu kila siku, na yule binti hakuwahi kutuambia.