Ini la Panya na Chumba cha Dirisha la Ziwa

Jumatatu, 7 Februari 2011. Cleveland. Theluji.

Profesa Hollis amestaafu. Chumba chake cha pembeni kiko wazi: dirisha kubwa, na chini yake ziwa lote limeganda. Ziwa la mji wa kwetu Ulaya, Keszthely, liliganda hivyo hivyo, baba akiteleza juu yake na viatu vya chuma. Sijaliona tangu nilipokimbia nchi 1956. Nakitaka chumba hicho.

Mkuu wa idara ameamua: mwisho wa Aprili atapewa mwenye kipimo kikubwa. Ndivyo tunavyopimana watafiti wa saratani. Ukiwa na makala arobaini, na kila moja imetajwa na watafiti angalau mara arobaini, wewe ni arobaini. Dakta Thibodeau ni arobaini. Mimi ni thelathini na tisa. Kinachonikwamisha ni makala yangu ya 1991 kuhusu ini la panya. Imetajwa mara thelathini na tisa, bado moja tu. Tukilingana, umri utaamua, na kwa umri sina mpinzani.

Jumanne, 8 Februari

Nimempigia Desmond, mwanafunzi wangu wa zamani, anitaje mahali. Akasema, Profesa, mimi siku hizi nauza nyumba. Nikamuuliza kama matangazo ya nyumba yana marejeo. Hayana. Ameniuliza kama nataka ghorofa.

Alhamisi, 10 Februari

Neema imeshuka. Jarida moja limeniletea muswada niuhakiki. Majina ya waandishi yamefichwa, langu pia. Nimefungua orodha ya marejeo kwanza, kama msomi yeyote. Moja kwa moja kwenye V. Hakuna Vadász, yaani mimi.

Nimeandika kwamba muswada ni bora, uchapishwe upesi, ila waandishi wamesahau kazi ya kutia nuru ya Vadász kuhusu ini la panya. Hakuna atakayejua ni nani aliyeandika hivyo. Matokeo yao sijayasoma. Muda haukuniruhusu.

Jumatano, 16 Februari

Thibodeau kanikuta kwenye mashine ya kahawa. Mzee wangu, akasema, kuna mhakiki kaniamuru nitaje ini lako la panya, unadhani ni nani huyo? Kumbe muswada ni wake.

Nikasema lazima awe mtu aliyesoma sana. Akasema, sijui kama amesoma, maana ukurasa wa tano niliacha jedwali tupu na hakuliona. Vijana wa maabara wakacheka mpaka wakashika ukuta. Nami nikacheka. Mpinzani wangu mwenyewe ndiye atakayenipandisha. Nani kapata raha kama hii?

Jumatano, 20 Aprili

Makala ya Thibodeau imetoka. Nimetajwa. Sentensi yenyewe inasema: “Matokeo ya Vadász hatukuweza kuyapata tena, hata kwa panya wengi zaidi.” Sawa. Mashine inayohesabu haisomi sentensi. Arobaini!

Nimemzungusha mke wangu Ilka jikoni mpaka tambi za kabichi zikaungua. Akasema, bwana wewe, umetukanwa hadharani na unacheza. Nikamwambia haelewi sayansi.

Ijumaa, 29 Aprili

Mkuu wa idara kasoma vipimo mbele ya wote. Vadász, arobaini. Nikasimama. Thibodeau, arobaini na moja. Nikakaa.

Kumbe naye alikuwa na makala moja inayokosa kutajwa mara moja. Akaitaja mwenyewe, katika muswada ule ule niliousifu na kuupitisha. Kwenye orodha, T iko juu kidogo tu ya V.

Jioni kanigongea mlango. Mzee wangu, akasema, saa ya kahawa uje na kiti chako, dirisha ni pana. Nimekwenda. Barafu imeshayeyuka, maji ni ya kijivu, ya kijivu kabisa kama ya kwetu mwezi wa nne. Akanimiminia kikombe. Kahawa yake ni nzuri kuliko yangu. Hilo pia limeniuma.

Jumapili, 1 Mei

Nimeona kosa lilikuwa wapi: nilitegemea majarida ya watu. Leo nimeanzisha langu. Mmiliki ni mimi, mhakiki ni mimi, na makala ya kwanza, yangu, inataja kazi zangu zote.

Nimemteua Ilka kuwa mhariri mkuu. Ameisoma yote, wakati wa chai, na ameikataa.

Kesho namkatia rufaa kwa mmiliki. Nina matumaini makubwa.