Firigisi za Bramwel na Mashine ya Kutafuta

Bramwel aliiona ile kompyuta kabla wazoa taka hawajaifikia. Ilikuwa imetupwa nyuma ya ofisi moja mjini Kakamega, kioo kizima, tumbo tupu. Mafundi walikuwa wameshachomoa kila kitu ndani hadi skrubu. Mwingine angeona takataka. Bramwel aliona ufalme wake. Akaifuta kwa shati, akaibeba begani hadi nyumbani.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Intaneti kila mtu alikuwa ameisikia na karibu hakuna aliyeiona, sawa na malaika. Bramwel aliwahi kuiona Nairobi, katika duka la kompyuta alikofagia kwa muda mfupi kabla ya kukosana na mwenye duka juu ya simu iliyopotea. Akiwa ameegemea ufagio, alijifunza jambo moja tu: mtu anaandika anachotaka, mashine inamletea majina mengi, naye anafungua jina la kwanza. La pili halina bahati. La kumi ni kama halijazaliwa.

"Kumbe!" alijiambia. "Kumbe si lazima uwe mzuri, ni uwe wa kwanza! Na wa kwanza anachaguliwa na mwenye mashine."

Basi akaweka meza pale stendi, mwavuli juu, kompyuta chini yake, na waya mmoja mrefu aliouzika ardhini na kuuwekea jiwe.

"Huo unaenda Amerika," aliwaambia waliouliza. "Usiukanyage, utakata watu maneno."

Kibao chake kilisema: MASHINE YA KUTAFUTA. ULIZA CHOCHOTE. BURE.

Hiyo bure ndiyo iliyowamaliza watu. Msafiri akishuka kutoka Malava na njaa yake, alikuwa anaulizia kuku kwa kuwa kuulizia hakugharimu kitu. Bramwel aligonga vibonye, akafumba macho, akaweka sikio kwenye kioo.

"Mashine inasema kwa Awinja."

"Lakini mimi nakulanga kwa Pascalia."

"Bwana, wewe ni wa kubishana na Amerika?"

Nani abishane na Amerika? Msafiri alienda kwa Awinja. Haukupita muda, watu wakaacha kabisa kujitafutia. Mtu alisimama mlangoni pa hoteli, harufu ya ingokho, kuku wa kienyeji, imemshika pua, mate yanamdondoka, kisha akageuka na kurudi stendi kuuliza kuku wanauzwa wapi. Haki ya Mungu, Bramwel aliyaona hayo kwa macho yake, akalazimika kuinama chini ya meza acheke.

Hoteli za kuku hapo karibu zilikuwa tatu, zote za wanawake wasio na mume nyumbani. Pascalia alikuwa mjane. Awinja alikuwa ameachana na mtu wake wa Butali. Edah hakutaka hata kusikia habari za wanaume. Bramwel alizitembelea moja moja, akaeleza kwa huzuni nyingi kwamba mashine ina njaa.

"Inakula nini?" Awinja aliuliza.

"Inakula kupitia kwangu," Bramwel akasema. "Imondo tu. Ya kila siku."

Imondo ndiyo firigisi, na kila mtu wa pande hizo anajua firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mke haonji, watoto hawaulizi. Bramwel alikua akimtazama baba yake akiitafuna polepole, kisha kaka yake mkubwa, na zamu yake haikufika. Hapa hapakuwa na mume wa kulalamika. Moyo wake ulirukaruka kama wa mtoto siku ya Krismasi.

Awinja akatoa. Edah akatoa kubwa zaidi, akawa wa kwanza. Awinja akaongeza pilipili, akarudi juu. Pascalia alikataa.

"Hiyo ilikuwa ya marehemu," alisema. "Sasa nampelekeanga baba mkwe. Wewe ni nani?"

Bramwel alirudi stendi. Mashine ilijibu. Ilisahau jina la Pascalia kabisa, na hoteli yake ikabaki viti na nzi. Sufuria zikakauka. Mpishi akaanza kusokota nywele jikoni. Ile hoteli ndiyo iliyomsomeshea watoto, na Bramwel alilijua hilo. Lilimchoma kidogo, lakini firigisi ya Edah ikaja na kachumbari, akapoa.

Siku moja aliwaona wale wanawake watatu wamesimama kwenye kinu cha kusagia mahindi, wakizungumza kwa mikono. Wananigombania, aliwaza, akapandisha kola.

Kesho yake Pascalia alimwita. Alimkalisha kiti cha mbele, akamnawisha mikono mwenyewe, akaweka firigisi juu ya ugali wa obusuma mbele ya wateja wachache waliobaki.

"Karibu nyumbani," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini sauti kubwa hivyo. Bramwel aliuliza kama kuna chumvi.

Akala hivyo nyumba tatu, mwezi mzima, akanenepa shingo. Halafu Jumamosi moja, soko limejaa, wanaume watano wa Shianda wakaja stendi na mapanga yao ya kukatia miwa. Aliyetangulia alikuwa Chrispinus, kaka yake Pascalia, mwenye kifua kama mlango.

"Shemeji!" alinguruma, akamkumbatia Bramwel mpaka mwavuli ukaanguka. "Tumekuja kuongea mambo ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

Kabla hajajibiwa, wajomba wa Awinja wakatokea upande wa posta. "Shemeji!" Nyuma yao baba wadogo wa Edah, na mmoja alishakuja na kamba ya kufungia ng'ombe.

"Jamani, ni firigisi tu!" Bramwel akapiga kelele.

Soko lote likageuka. Muuza nyanya alifunika mdomo.

"Tu?" Chrispinus aliuliza kwa upole. "Mwanamume akikula imondo kwa mwanamke asiye na bwana, mbele ya watu, mwezi mzima, tunamwitanga nani?"

Bramwel alitazama mapanga. "Mwenye nyumba," alinong'ona.

"Basi mwenye nyumba, uko na nyumba tatu. Ng'ombe wako wapi?"

"Uliza mashine!" mtu akapaza sauti, na watu wakacheka hadi wakashikana. Maskini Bramwel, kwa mazoea, akagonga vibonye.

Pascalia ndiye aliyemwokoa. "Tuachie mashine," alisema, "na sisi tutawaambia ndugu zetu ulipotea njia ukaingia."

Awinja na Edah wakaitikia kwa kichwa. Bramwel aliacha mashine, meza, mwavuli na hata jiwe, akaondoka akichekea tumboni. Wajinga! Wamechukua debe tupu!

Saa saba njaa ikamshika. Akaingia kwa Edah.

"Umetumwa na mashine?" Edah aliuliza.

"Hapana, nimekuja tu."

"Basi sina habari. Kaulize."

Kwa Awinja, vivyo hivyo. Kwa Pascalia, mpishi, ambaye sasa alitoka jasho jikoni, hakuinua hata kichwa. Bramwel alirudi stendi, akapanga foleni nyuma ya watu wa Malava. Pascalia alikuwa ameketi chini ya mwavuli, kioo amekiosha kinang'aa.

"Jina?"

"Pascalia, si unanijua!"

"Mimi nakujua. Mashine ndiyo haijakujua. Jina?"

"Bramwel."

Akagonga, akafumba macho, akaweka sikio kwenye kioo. Akasikiliza kwa muda.

"Inasema hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna mtu kama huyo Kakamega nzima."

Watu wa foleni wakamtazama Bramwel kwa huruma, kisha wakasogea mbali naye kidogo, kama watu wasio na uhakika kwamba yupo. Naye, aliyeichungulia ile mashine kwa macho yake na kukuta hamna hata skrubu, alikiinamia kioo. Akashika ukingo wa meza.

"Dada," akasema, "hebu tafuta tena."