Mume wa Rhobi Mbele ya Kamati

Kwa niaba ya Kamati ya Wanaume Washirika wa Haki za Uzazi, kanda ya Musoma, Bunda na Butiama, nina furaha kuutangazia umma kwamba wanawake wa Mara sasa wako salama. Tumewashika mkono. Mimi Revocatus, Katibu, nilikuwepo tangu semina ya kwanza pale Musoma, ambako wanaume watupu tulijifungia hotelini wiki nzima, tukila sato na kuchambua uchungu wa kujifungua. Wanawake hatukuwaalika. Mshirika wa kweli hamsumbui mtu anayemsaidia.

Tuliibuka na azimio zito: mwanamke hatapewa huduma ya uzazi wa mpango mpaka afike na mumewe, ili mume apate nafasi ya kumuunga mkono. Muuguzi Gaudensia, wa zahanati tuliyoichagua kwa uzinduzi huko Butiama, alisema hajawahi kuona mwongozo unaodai ruhusa ya mume. Mwenyekiti wetu, Mzee Werema, alimfafanulia kwa upole kwamba hii si ruhusa, ni mshikamano wa lazima.

Siku ya uzinduzi benchi lilijaa wanawake. Waume hawakuonekana. Wengine walikuwa ziwani, wengine mnadani, na wengine walikuwa nasi chini ya turubai, wamevaa fulana za ushirika.

Ndipo akaja Rhobi, mama wa watoto watatu. Uzazi wa mwisho alitokwa na damu hadi watu wakaanza kulia msiba, na Gaudensia alishamwambia wazi kwamba mimba nyingine ya haraka itamuua. Alitaka kuwekewa kijiti cha kuzuia mimba. Ni binti wa kuzaa wa Mwenyekiti, jambo ambalo halikuathiri kikao.

"Mumeo yuko wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Huyu hapa, baba."

Akamwonyesha Bi Wankyo, mjane mwenye khanga mbili na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Kwetu ndoa hiyo ni nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, anaoa msichana wa kumzalia. Mwanaume anayesaidia kazi hiyo hana cheo.

Kamati ilijadili kwa kina, chai haijapoa. Tukaamua kwamba mume, kwa mujibu wa azimio, ni mwanaume. Rhobi arudi akatafute mume.

"Baba, nitakufa," Rhobi akasema. "Nina mtoto ananyonya."

"Tunalitambua hilo, binti. Tumeliweka kwenye changamoto."

Bi Wankyo akasogea. "Mkwe wangu Werema, kwa hiyo mimi siyo mume?"

"Kiazimio, hapana."

"Haya. Basi ndoa hakuna. Jioni nakuja kuchukua ng'ombe zangu za mahari, na ndama zake zote."

Ng'ombe wale ndio waliogeuka bati la nyumba ya Mwenyekiti, na pikipiki yake. Papo hapo kamati ikapata mwanga mpya. Ilibainika kwamba jinsia ya mume ni suala la kitaalamu, na kwa kauli moja Bi Wankyo akapitishwa kuwa mwanaume.

Mwenyekiti akajaribu mara ya mwisho. "Lakini wewe si ulimuoa akuzalie?"

"Nilimuoa anizalie, kanizalia. Siku ile ya damu kichwa chake nilikishika mimi. Wewe baba yake ulikuwa wapi? Sasa nataka aishi."

Nilishindwa kuiandika kauli hiyo kwa lugha ya kikao.

Rhobi akaingia, akawekewa kijiti. Mumewe hakuondoka. Kwa kuwa kila mwanaume aliyepo ni mjumbe, alivuta kiti akaketi katikati yetu. Pilau ya wajumbe ilipoletwa, akanyoosha mkono.

"Wanaume wenzangu, nina hoja. Mwanaume asipakuliwe mpaka aje na mkewe. Ili amuunge mkono."

Benchi zima likapiga vigelegele. Mpishi, ambaye kwa bahati mbaya ni mwanamke, akafunika sufuria.

Tukatawanyika kwa pikipiki. Nyumbani nilimkuta mke wangu Jenipher akianika mihogo. Nilimweleza kwa heshima kwamba nahitaji mwenza wa kunisindikiza zahanati, na haraka.

"Si nilikuwaga nakuomba unisindikize kliniki, mimba zote?" akasema. "Ukawa unasemaga kliniki ni mambo ya wanawake."

"Nilisema, ndiyo."

"Basi pilau ya kamati ni mambo ya wanaume. Kapambane huko."

Nilirudi peke yangu nikakaa kwenye benchi, nyuma ya Mwenyekiti. Chini ya turubai Rhobi alikuwa anakula, mkono umefungwa bandeji, na mumewe anamchagulia nyama.