Lita Kumi na Saba za Bibi Tumwagile

Jumanne, 9 Julai 1996

Na ndiyo maana nasema petroli si lazima! Nimemweleza Bonifas mara tatu tangu asubuhi. Kila mara ananitazama kwa yale macho yake, nami nasahau nilipofikia. Wiki mbili za ndoa. Ah, mume wangu!

Ila moyo haujatulia. Mtaalamu wa mradi wa maji, alipofunga mizigo kurudi Marekani, alimwachia Bonifas, karani wake wa stoo, gari lake liwe zawadi ya harusi. Usukani uko kushoto, na nyuma pameandikwa kwamba linakubali hata alkoholi. Kwa furaha nikamwandikia Baba kule Mikumi kwamba Jumapili tarehe 21 tutakuja na gari letu. Nani alinituma? Pampu ya hapa Kilosa imekauka wiki ya pili. Kwenye tangi zimebaki lita tatu.

Kwetu, bwana harusi hali hata tonge kwa wakwe mpaka amrudishe mke kumsalimia mama yake. Siku hiyo anachinjiwa mbuzi, na kuanzia hapo anaitwa mwanangu. Wazee wameshatoka Mbeya kuja kushuhudia. Na Baba, ambaye bado anamtazama Bonifas kwa jicho moja, alishasema mwanamume asiyemrudisha mke kwa mama yake hakuoa, aliazima.

Kuazima! Bonifas wangu!

Alhamisi, 11 Julai

Nimesoma kitabu cha gari. Kiingereza nilipata C kidato cha nne, kimenisaidia leo. Injini hizi ziko tatu, ndugu wa familia moja. Mdogo ana lita moja nukta nane, wa kati lita mbili, wote silinda nne. Mkubwa ana lita tatu, silinda sita. Wetu ni huyo mkubwa! Wote wanachoma petroli, au alkoholi, au vyote viwili vikichanganywa, mpaka sehemu 85 za alkoholi kwa 15 za petroli. Kwenye bomba la mafuta kuna kifaa kinachoonja mchanganyiko, kisha injini inajirekebisha yenyewe. Kinaonja! Kama mpishi! Na kwa alkoholi nguvu za farasi zinapanda kutoka 140 hadi 148.

Lita tatu za petroli zinadai kumi na saba za alkoholi. Nimepiga hesabu mara nne. Inakubali.

Bonifas aliuliza alkoholi yenyewe iko wapi. Nikasema Kisanga, kwa Bibi Tumwagile, mpika gongo. Alikifunga kitabu. Kisha akasema, kwa upole wake ule, kwamba gongo ni jela. Nikamjibu kwamba hatuinywi. Akasema hakimu atafurahi kusikia hivyo.

Jumamosi, 13 Julai

Barua ya dada Hildegarda. Anauliza gari linakuja kweli, au atume baiskeli itupokee pale kijiji cha Ulaya, katikati ya njia. Anaongeza kwamba Mama, mwenyekiti wa kinamama wa kanisa wanaopiga vita pombe, ameshawaita wenzake wote waje kuliona.

Sikula mchana.

Jumatano, 17 Julai

Nimepata! Bibi Tumwagile alimimina kidogo kwenye kijiko, akawasha kiberiti. Mwali wa bluu ya zambarau, mzuri kama kitambaa cha altare wakati wa kwaresima. Akasema hiyo ndiyo dawa, hata maiti akinusishwa ataomba kiti. Kisha akauliza mume wangu hutumia kiasi gani. Nikamwambia lita kumi na saba kwa safari moja. Akanishika mkono kwa muda mrefu, akanipa pole ya ndoa.

Jumapili, 21 Julai

Sijui nianzie wapi.

Tuliondoka vizuri. Bonifas kwenye suti, mimi nimemwegemea, dunia yote yetu. Tulipoingia gulio la Ulaya injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima katikati ya wauza vitunguu. Harufu! Wanaume wakaja na vikombe. Mgambo akapekua kiti, kikapu, hadi kitenge cha zawadi ya Mama, akisema gongo ipo, anaisikia kwa pua zake, na akiikosa ataacha kazi. Mzee mmoja akachuchumaa nyuma ya bomba la moshi, akakataa kuondoka. Alimwambia mgambo, "Mwanangu, mimi nimekaa tu. Kukaa kuna sheria?"

Lomayani, mfugaji aliyekuja kuuza mbuzi, alitufungia punda wanne wakalivuta gari hadi kwake. Mkewe alitupa maziwa. Tukarudi Kilosa juu ya lori la mahindi. Kule Mikumi mbuzi amelala mzima, na mume wangu bado hajawa mwana wa mtu. Nililia njia nzima. Bonifas alinifunika koti lake, akasema mimi si wa kuazima, hanirudishi.

Jumanne, 23 Julai

Fundi Wenceslaus alikwenda kwa Lomayani na kutoa kila kitu kwenye tangi. Amesema karibu nusu ni maji. Gongo inayowaka kijikoni inamtosha mnywaji, injini haidanganyiki. Kitabu nacho kinasema alkoholi isiwe na maji. Ukurasa ule niliuruka, haukuwa na picha.

Kondakta wa basi ameleta barua ya Baba. Wazee watasubiri hadi tarehe 31. Ameandika: "Filomena, njooni na basi, njooni hata kwa miguu. Namtaka mkwe wangu. Injini sikuialika." Bonifas aliisoma mara mbili, akageukia ukutani kupangusa macho. Sasa hivi ametoka kwenda kukata tiketi mbili za kesho alfajiri.

Maskini Baba! Anatuonea huruma tu. Eti basi, mbele ya kinamama wote wale!

Nimeitazama ile sufuria ya presha aliyotuzawadia Hildegarda. Kemia ya kidato cha tatu: ukichemsha tena, alkoholi inatangulia kupanda, maji yanabaki chini. Nimeshamtumia Bibi Tumwagile salamu. Lita ishirini safari hii, za akiba. Na Mama nimemwandikia papo hapo, wino haujakauka: kabla mwezi haujaisha tutakuja, mimi na Bonifas, na gari. Ila siku hiyo mpikie uani, jiko liwe mbali kidogo na njia, moto usikaribie gari.