Nukta ya Kijani ya Dada Ateca

Jumatatu, 3 Februari
Dada Ateca ana kazi mbili na zote zinamla. Siku tatu za wiki anaandika programu za tiketi za meli kwenye kampuni hapa Suva, mji mkuu wa visiwa vyetu. Zinazobaki ni za chuo: anasomea shahada ya udaktari ya kompyuta, jinsi ya kutabiri mafuriko ya mto Rewa. Leo msimamizi wake, Profesa Fifita, kasema sura ya tatu ya tasnifu ifike Ijumaa, la sivyo jina lake linafutwa chuoni. Bosi, Bwana Rajneel, kasema Dada akikosekana kazini tena, basi, kazi hana. Dada amelia bafuni, akidhani sauti ya maji inamficha. Mimi mdogo wake nimemaliza shule, sina shughuli. Nitamwokoa!

Jumanne, 4 Februari
Mpango! Dada hufanyia kazi nyumbani, na kampuni hutazama tu nukta ya kijani kando ya jina la mtu kwenye skrini. Kompyuta ikiguswa, nukta inawaka. Dada anaandika tasnifu chumbani. Mimi jikoni na kompyuta ya kampuni, nasukuma kipanya. Aligoma, kisha akaniapisha: nisimjibu mtu, nisibonyeze kitu, mtu akiandika nimwite. Saa nane mfululizo. Kidole kimekufa ganzi. Fahari!

Jumatano, 5 Februari
Samisoni wa kazini aliandika, akiomba Dada aukubali msimbo wake, yaani maandishi ya programu. Kule msimbo wa mmoja hauendi kwa wateja mpaka mwenzake ausome na kuukubali. Nikaenda kumwita Dada. Kashaandika kurasa kumi na moja! Sikuthubutu kumkatiza. Samisoni akaandika tena: "Sista, umelala au umeolewa? Bonyeza basi, nina raga saa kumi." Akaandika mara ya tatu. Mimi sijawahi kumkatalia hata muuza mihogo. Nikasoma mistari yote mia mbili, kwa makini. Sikuelewa hata mmoja, ila ilipangwa vizuri. Nikakubali. Alishukuru sana.

Alhamisi, 6 Februari
Meli ya kwenda kisiwa cha Taveuni imeuziwa kila kiti mara mbili. Ngumi gatini. Familia moja ilikuwa na jeneza. Meli ikaondoka, wao na marehemu wao wakabaki juani hadi jioni. Kosa limo kwenye msimbo wa Samisoni, na aliyeukubali, kwa rekodi za kampuni: Ateca. Dada hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 7 Februari
Baba na Dada wamewapelekea wafiwa mzizi wa yaqona, zawadi ya kuombea radhi kwetu, wakaketi chini, wakaomba radhi. Mjane akapiga makofi ya heshima, akapokea. "Usilie, mwanangu," akasema, "huyu mume wangu alikuwa anachelewa hata kanisani." Bwana Rajneel hakupokea kitu. Kamfukuza Dada kazi. Majaribio ya tasnifu yalikuwa yakiendeshwa kwenye mitambo ya kampuni, kwa ruhusa. Sasa mitambo imefungwa kwake, matokeo yote ndani. Sura haikwenda. Bila matokeo, kasema Dada, ni hadithi tu.

Jumamosi, 8 Februari
Dada hatoki kitandani. Hali chakula. Barua ya Profesa imeingia kwenye kompyuta yake: ajieleze kabla ya Jumatatu. Hajaiona. Mimi nimeiona.
Nimejuta. Nimesali. Nimeligundua kosa langu: Samisoni nilimjibu kwa ufupi mno. Profesa nimemwandikia kurasa nne, kwa jina la Dada. Nimemwambia matokeo yapo na yanapendeza.
Kajibu papo hapo! Kafurahi, anataka kuyaona Jumatatu asubuhi.
Nangoja Dada aamke nimpe habari njema.